Kikohozi cha Mwenye Nyumba

Niliingia kichwani mwa ndugu yangu kwa njia ya sikio. Msinitazame hivyo. Wapo wanaoingia vichwani mwa watu kwa redio, kwa majukwaa, kwa ubao wa darasani, na hakuna anayewauliza wamepita wapi. Mimi niliinama tu kumnong'oneza Hemedi neno moja, "Kula," na midomo yangu ilipogusa sikio lake nikahisi sakafu inanikimbia. Nikaanguka. Bakuli la uji lilibaki huko juu, mkononi mwa mama.

Niseme mambo yalivyokuwa, maana sipendi msimulizi anayewazungusha watu. Hemedi ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Ni fundi cherehani. Ameshona sare za watoto wa nusu ya mji wetu, mji ambao sitautaja kwa kuwa miji yote siku hizi ni huo huo. Kisha akaanza kusikia mtu akimwambia mambo. Kwanza yalikuwa madogo: funga dirisha, usimjibu yule. Halafu: huyu si mama yako, huyu amevaa sura ya mama yako. Halafu: usile. Akaacha kula. Hakula cha mama, hakula changu, hakula cha jirani. Alilala mkekani, mbavu zinahesabika chini ya shati alilolishona mwenyewe, akitutazama mimi na mama kwa ile adabu ya mtu anayewatazama wezi wenye mapanga. Tulichokuwa tunakigombea ni hicho tu, ale, asife.

Majibu yalikuwa mengi, kila mtu na lake. Shangazi yetu, Bi Mwanaacha, alisema amerogwa, tena akatupa jicho upande wa mama, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mama akaendelea kupepeta ulezi. Jirani alisema bangi, naye Hemedi hajawahi kushika hata sigara. Wengine walisema jini, wengine wakasema mke, hali hana mke. Daktari Mlelwa alisema skizofrenia, na ndiye peke yake aliyevua viatu akakaa nasi mkekani wakati akisema.

Alikunja ngumi zake mbili akazisogeza karibu bila kuzigusanisha. "Chembe za ubongo hazigusani, Mama," akamwambia mama. "Katikati kuna upenyo. Hii ikitaka kuiambia mwenzake jambo, inamwaga kemikali, inavuka upenyo, inakwenda kukaa kwenye kipokezi cha mwenzake. Kipokezi ni mlango. Kwa Hemedi, tunavyodhani, milango mingine inapokea kupita kiasi, na mingine, ile ya kuleta utulivu, haifunguki inavyotakiwa. Dawa inakwenda kukaa mlangoni."

"Nani aliiharibu?" mama akauliza.

"Hakuna ajuaye vizuri, Mama yangu. Hakuna wa kumlaumu."

Nilimchukia kwa hilo. Mtu akikunyima wa kumlaumu amekunyima nusu ya kilio. Afadhali Bi Mwanaacha na uchawi wake, angalau angetupa mtu wa kumtukana.

Vidonge Hemedi alivitema. Ikabaki sindano, na kwa kuwa mwenyewe alikataa, sindano ilitaka neno la ndugu. Mama alisema hawezi. Mwanangu hanijui, alisema, nitamsemea kwa mdomo gani? Basi neno likabaki kinywani mwangu. Daktari alikuwa uani, adhuhuri, ananingoja. Nikasema nijaribu mara ya mwisho kwa kumbembeleza. Nikainama.

Ndipo nikaanguka.

*

Nilidhani nitakuta nyama. Nilitua kwenye maji ya uvuguvugu yaliyonifika vifundoni, yenye chumvi ya machozi, na mbele yangu, nyuma yangu, juu yangu, ni milango. Hapakuwa na kuta. Nyumba za mji ule zilikuwa milango mitupu, imesimama bega kwa bega, kila mmoja na bawabu wake, na baina ya safu na safu ni kichochoro chembamba cha maji. Jua lilikuwa utosini na halikuonyesha dalili ya safari. Nikamuuliza mpita njia saa ngapi. Akaniambia, "Bado hujazaliwa." Nikaitazama mikono yangu, ilikuwa midogo, ina hina ya sikukuu. Nikafumba macho, nikafumbua, ilikuwa mikono ya ajuza, mishipa imesimama. Nikaamua nisijitazame tena. Nilikuwa na kazi.

Vichochoroni walikimbia matarishi, watu wembamba wasio na mzigo wala barua. Nikamdaka mmoja kwa shati.

"Umebeba nini wewe?"

"Sibebi kitu, dada. Mimi husema tu: hili linakuhusu."

"Lipi?"

"Lolote litakalokuwapo mlangoni nikifika." Akajinasua, akaenda zake.

Nimeishi maisha yangu yote chini ya watu wa namna hiyo, wasio na habari ila wana amri ya kutufanya tusikilize, kwa hiyo sikushangaa sana. Lakini nilisimama pale majini nikamfikiria. Maisha bila tarishi yule yangekuwaje? Unaamka, kuna jua, kuna chai, kuna mtu uliyemwoa kwa mapenzi, na vyote vina uzito mmoja, hakuna kinachokuita, hakuna kinachokuudhi, unabaki kitandani kwa sababu huoni tofauti ya kitanda na dunia. Na tarishi huyo asipotulia je? Jani linakuita. Rangi ya ndoo ya jirani inakuita. Mtu anajikuna ng'ambo ya barabara na kujikuna kwake kunakuhusu wewe, baba yako, na mambo yatakayokuja. Sisi tunaojiita wazima tunaishi kwenye ukingo mwembamba katikati ya hayo mawili, halafu tunajisifu kwamba tuna akili. Akili gani? Tuna mabawabu wenye subira, basi.

Wa Hemedi hawakuwa na subira. Wa kwanza niliyemfikia alikuwa mzee mnene mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikakakamaa, jina lake Bwana Mkaribishaji. Jani la mwarobaini lilidondoka majini mbele yake. Akainuka, akainama, akaufungua mlango wote.

"Karibu," akaliambia jani. "Karibu ndani. Pole na safari."

"Hilo ni jani," nikasema.

"Limeanguka mbele yangu mimi. Mbona halikuanguka kwa jirani?"

"Kwa sababu ni jani."

"Ndivyo msemavyo nyinyi mnaotoka nje." Akanitazama kwa huruma.

"Lilipiga hodi?"

Hapo akavimba kifua. "Zamani tulingoja hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo karibu. Siku hizi tunawahi, binti. Mimi naisikia hodi kabla mtu hajawaza kuipiga. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nilicheka. "Mwenyeji wenu haponi, mzee. Mwenyeji wenu amelala mkekani anakufa njaa. Na wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wenu mbona simwoni aliyeshika hata kisu cha kumenyea muhogo?"

"Una ulimi."

"Nimeurithi. Sikiliza. Humu mna mgeni mmoja anayesema usile. Namtaka huyo."

Uso wa Bwana Mkaribishaji ukanawiri. "Ah. Mheshimiwa. Huyo ndiye mgeni wetu mkubwa kuliko wote. Alipofika, mtaa mzima tulimfungulia." Akanielekeza kwa mkono. "Pitia kwa Bi Tuliza. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akitutenganishia wageni na wenyeji. Siku hizi kazi yake imelala."

Alisema hivyo kwa kuridhika, kama mtu anayekuambia mfereji umeziba na hapo ndipo nyumba ilipopata maji.

*

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Hukohoa. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akikohoa tangu kona ya duka la mkaa, na mara ile mama amejua, wanawake waliokuja kumtembelea wamejitanda kanga zao, sisi watoto tumeacha kuruka juu ya kitanda. Hapakuwa na aliyejibu kikohozi cha baba kwa karibu. Utamkaribishaje mtu kwake? Kikohozi kile kilikuwa kinasema jambo moja dogo lililobeba nyumba nzima: msishtuke, ni mimi.

Bi Tuliza alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango mzito uliofungwa. Kamba mbili zilining'inia juu yake, moja kulia, moja kushoto. Nilimwamkia, akaitikia bila kunyanyua macho.

"Kazi yangu ni kusikia kikohozi," akasema. "Kila Hemedi alipowaza jambo, alikohoa kwanza. Hata yeye hakujua kwamba anakohoa. Mimi nikaufungua mlango huu nikawatangazia mabawabu: tulieni, ni mwenyewe. Wakakaa. Wazo likapita, likaenda zake. Mawazo mengi hayafai hata kukumbukwa. Unadhani wewe umewaza ya kipumbavu mangapi tangu asubuhi?"

"Mengi."

"Nayo yakapita, kwa kuwa ulikohoa."

"Sasa kwa nini huufungui?"

"Mlango una kamba mbili. Zivutwe pamoja ndipo uachie. Mmoja akivuta peke yake hautikisiki. Mimi navuta yangu, tarishi anavuta yake. Vuta uone."

Nilishika kamba moja, yeye akashika ya pili. Tukavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mlango ulitoa sauti ya kukwama, ukajongea kidogo sana, ukarudi.

"Nani kauharibu?" nikauliza.

"Mbona mnapenda kuuliza nani."

"Kwa sababu nataka kumkamata."

"Hakuna aliyeturoga, mwanangu. Hakuna aliyetumwa. Huenda mbao zilikatwa hivi tangu mwanzo, huenda zilivimba kwa maji ya njiani. Mimi nimekaa hapa siku zote na sijui." Akaiachia kamba yake. "Nenda kamwone Mheshimiwa wako. Yuko hapo juu. Ila usimkemee. Kila mtu anamshangilia, hajapata hata mmoja wa kumwuliza anaumwa wapi."

*

Nilijiandaa kwa vita. Nilipanda ngazi nikiandaa matusi, na matusi ninayo ya kutosha. Nitamwambia: wewe uliyemnyima mama yangu mwanawe, wewe mla watu, shuka hapo. Mabawabu walijazana uwanjani, wote wamevaa vizuri, wanasukumana kupata nafasi ya mbele. Katikati palikuwa na kiti kikubwa cha enzi, na kwenye kiti mtu mwenye koja la asumini shingoni, tabaka juu ya tabaka, mpaka uso hauonekani. Miguu yake haikufika chini. Nikapenya. Nikayafunua maua.

Alikuwa Hemedi. Chaki ya fundi bado imo kuchani.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nikaitikia. "Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nimeketishwa." Alisema polepole, mdomo umemkauka. Mabawabu wa nyuma walilidaka neno, wakalikariri mlango kwa mlango, nimeketishwa, nimeketishwa, na nililisikia likizunguka mji mzima na kurudi kwa nyuma yetu likiwa na sauti nzito ya mtu mwingine kabisa: AMEKETISHWA. Hemedi akajikunyata. Aliogopa. Alikiogopa kilichotoka kinywani mwake mwenyewe, na watu wakapiga makofi.

Akanivuta karibu, akanong'ona. "Dada, mimi nilikuwa nawaza tu. Siku ile mama aliacha uji ukashika chini, ukawa na harufu. Nikawaza: huu hauliki. Basi. Wazo la mtu mvivu wa kula. Nilikohoa, dada, wallahi nilikohoa. Hakuna aliyesikia. Wakanipokea kwa koja. Neno kurudi, limekuwa usile."

"Na mama? Mama si mama?"

"Nilimtazama mgongo wake akiwa anachota maji. Amekonda. Nikawaza: huyu si mama ninayemjua mimi. Nilimwonea uchungu. Nilitaka kuinuka nikamtue ndoo." Machozi yalianza kumtoka. "Nalo wakalifungulia."

Sikuwa na tusi la kumpa. Nimewahi kuchukia watu wengi, na wote nilijua mahali pa kuweka mkono. Hapa mkono ulipiga hewa. Adui niliyekuja kumkamata alikuwa ni huruma ya mdogo wangu, niliyemlea kama mwanangu, huruma iliyotoka nje ya nyumba yake kwa shughuli ndogo, ikarudi, ikaambiwa karibu mgeni. Na hapo ndipo lilipo swali lililonitesa na linalonitesa mpaka sasa, mimi nisiye na elimu ya kuliuliza vizuri. Mtu ni yule anayewaza, au ni yule anayekohoa? Kama mawazo yangu yote yatabaki humu ndani, mazuri na mabaya, ila kile kitu kidogo kinachosema ni mimi kikaondoka, atakayebaki nani? Nyumba imejaa. Mwenyewe yuko barazani, amekabidhiwa maua.

"Kohoa tena," nikamwambia.

Akakohoa. Bwana Mkaribishaji, aliyekuwa amenifuata, akainama mpaka kilemba kikataka kumdondoka. "Karibu, Mheshimiwa."

Nikawageukia mabawabu. Nikakohoa mimi, kwa nguvu, kikohozi cha baba, kile cha kona ya duka la mkaa. Kama yeye hasikiki, nitamkoholea. Nani angenizuia, mimi dada yake?

"Karibu, mgeni," wakaniitikia wote kwa pamoja.

Kumbe hakuna mtu anayeweza kumkoholea mwenzake.

*

Waliokuwa wakingoja walikuwa nje ya lango la mji, ndani ya maji, kimya, wengi kupita hesabu. Watu wakubwa, wapole, sura zao zinafanana. Hawakusukumana. Mmoja akasogea.

"Tumeletwa na Daktari," akasema. "Sisi ni Wakaavizingiti. Tunasubiri neno la ndugu."

"Mtafanya nini?"

"Tutakaa. Kila mlango mmoja wetu atakaa kizingitini. Penye mtu, mwingine hapiti."

"Kaeni kwa huyu bwana mnene na wenzake wawili watatu. Milango mingine iacheni."

"Hatuwezi kuchagua hivyo, mama. Inayofanana nayo tunaikalia."

"Basi zuieni maneno mabaya peke yake. La usile lizuieni. La kushona liacheni lipite. Akiona kitambaa kizuri huwa anakishika kwa vidole viwili, anatabasamu peke yake. Hilo liacheni."

"Hayo yote huletwa na tarishi mmoja, mlango mmoja," akasema, wala hakuwa na jeuri. "Sisi hatujui la heri wala la shari. Sisi ni wa kukaa."

"Na mlango wa Bi Tuliza? Mtauzibua?"

"Ule hatuujui."

Nilitamani angekuwa mkatili, nimkatalie. Alikuwa ni mtu aliyefika na dawa aliyonayo, hana nyingine.

Bwana Mkaribishaji alinishika kanga. Kiburi kilikuwa kimemwisha. "Binti, usiwape neno. Tutakaa na njaa. Bawabu mwenye njaa ya wageni hutoboa milango mingine pembeni, nakuambia ukweli, ni tabia yetu. Siku hawa watakapoinuka kwa ghafla mtakuta masikio yetu yameongezeka."

"Basi hawatainuka," nikasema.

Hemedi alikuwa ameshuka kwenye kiti. Alikuja akiburuta maua majini. "Wakikaa, mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuwa hai."

"Sikuuliza hivyo, dada."

Najua hakuuliza hivyo. Najua. Nilimwelewa tangu neno la kwanza. Mlango ukizibwa kwa mgeni umezibwa pia kwa mwenyewe aliyeko nje, na yeye alikuwa nje. Nilikuwa nafunga nyumba na mwenye nyumba barazani.

Nimfungie?

Asife.

Nani amenipa haki? Mama amesema hawezi. Daktari anangoja. Shangazi anasema amerogwa. Serikali haimjui. Mungu amenyamaza, na mimi sijamzoea kiasi cha kumlazimisha.

Asife.

Akibaki wazi atakufa akiwa yeye. Akizibwa ataishi akiwa, akiwa nani? Akiwa wa kwetu. Akiwa wetu. Tunampenda au tunamtaka?

Anatazama.

Wanaosema afadhali kufa kuliko kuishi hivyo, wamewahi kuhesabu mbavu za mtoto waliyembeba mgongoni? Waje wahesabu. Mimi nimehesabu.

Asife, asife, asife.

"Kaeni," nikasema.

Walikaa. Sijawahi kuona utulivu wa namna ile na sitaki kuuona tena. Walipita vichochoroni bila kurusha maji, kila mmoja akageuka, akajishusha kizingitini, akaweka mikono magotini. Matarishi walifika wakasimama, wakazunguka, wakaondoka. Jani lilianguka na halikumhusu mtu. Mabawabu walikaa nyuma ya migongo ile mipana wakawa kama watu waliosahau walichokuwa wanatafuta. Hakuna aliyemkumbuka Mheshimiwa. Sauti nzito iliyokuwa ikizunguka mji ilipita mara moja tena, imechoka, ikaishia mahali.

Hemedi alilivua koja, akalikunja vizuri kama anavyokunja kitambaa kilichobaki, akaliweka pembeni. Akatafuta mahali pakavu nje ya mlango wake mwenyewe, akakaa.

"Haya, dada," akasema.

Hakulia wala hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika.

*

Nilipojikuta tena huko juu ilikuwa bado mchana, na sindano imekwisha kuchomwa kwa neno langu. Kama ni mchana ule ule au wa mwezi mwingine sijui, maana muda nao ulikuwa umeanza kujifanya mwerevu. Daktari Mlelwa alikuwa akiingia na kutoka, akimpima, akiandika, akisema inaendelea vizuri, akisema tusiikatishe dawa ghafla. Shangazi alidai ni mganga wake aliyefanya kazi kwa siri. Watu wakaja kumwona Hemedi, wakamwona, wakaridhika. Cherehani tulikuwa tumekifunika shuka. Alikuwa anakaa mahali anapokalishwa, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo.

Siku ya uji alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Mama aliingia na bakuli, hatua zake ndogo ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mnyama. Akachota kijiko, akakipeleka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeziba njia, sikutambua.

Hemedi alimtazama usoni. Muda mrefu.

"Mama," akasema.

Akafungua kinywa.

Mama alilia huku anamlisha, machozi yanadondoka kwenye kanga na yeye hayafuti kwa sababu mkono mmoja una bakuli na mwingine una kijiko na hakutaka kuachia hata kimoja. Alisema alhamdulillahi mara nyingi. Akanitazama akaniambia, "Umenirudishia mwanangu, Mwanaidi. Mungu akulipe." Nikaitikia amina. Ningemwambia nini? Hemedi alikuwa anameza. Kila alipomeza nililiona koo lake likipanda na kushuka, na nilifurahi, nakiri nilifurahi mpaka nikakaa chini. Wakiniuliza leo, nitasema kaeni tena. Hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba nilikosea. Ni kwamba ningerudia, na ningekuwa sahihi, naye angekuwa nje vile vile.

Bakuli lilipofika nusu, mama akapata ujasiri. Akajifuta uso kwa bega, akacheka kidogo, akamuuliza kama alivyokuwa akimuuliza tangu anaanza kutambaa.

"Nikuongezee sukari, baba, au inatosha?"

Hemedi aliutazama uji. Akamtazama mama. Kisha akageuza shingo taratibu kunielekea mimi, macho yake matulivu, mazuri, yananitambua vizuri sana, akaningoja.

"Dada," akasema, "nasemaje?"

Mama naye akanitazama, kijiko kimesimama hewani.

"Aongezewe," nikasema.

Akaongezewa. Akala.